Tusirudie Karanga za Kongwa



Kila mtoto wa Ugogo aliyepita darasani amesikia habari za karanga za Kongwa, na wengi wetu huzisimulia kama kichekesho cha Waingereza. Leo naomba tuzisimulie kama shauri letu wenyewe. Fedha nyingi zinakuja tena kwa ajili ya nchi kame kama hii yetu, nazo zinakuja kwa jina jipya.

Yaliyotokea ni haya. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mkubwa mmoja wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, alishauri Tanganyika ilimwe karanga kwa mashine. Mwaka 1946 wataalamu watatu walizunguka kwa wiki chache tu, wakaandika kwamba ekari zaidi ya milioni tatu zingeweza kulimwa. Mwaka 1947 matrekta yalianza kung'oa vichaka vya Kongwa, na mengine yalikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Udongo wa Kongwa wakati wa masika ni tope, na kiangazi hukauka ukawa kama saruji. Mashine zikavunjika, karanga zikakwama ardhini, na mvua haikutimiza ahadi ambayo wala haikuitoa yenyewe. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo, na pauni karibu milioni 36 zilikuwa zimekwisha kuliwa. Baadaye sehemu kubwa ya mahali pale pakawa malisho ya ng'ombe, jambo ambalo mzee yeyote wa Kigogo angewaambia siku ya kwanza bila kudai hata senti.

Mzee huyo hakuulizwa.

Sasa tuje kwetu. Dodoma tunapata msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na katika mwaka wa kawaida hazifiki milimita 600. Wazee wetu walizijua shida hizi kabla hapajawa na mtaalamu wa kuzipa jina. Wapo waliosimuliwa na babu zao habari za Mtunya, njaa iliyowaua Wagogo wengi mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, wakati jeshi moja lilipochukua ng'ombe na chakula, na jeshi la pili likachukua kilichobaki, kisha mvua nayo ikakataa. Kwa hiyo ukame si mgeni. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi mvua haina adabu. Inachelewa mwezi mzima, halafu inashuka yote kwa siku tatu. Desemba 2009 mafuriko yaliisomba Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe, na kwa miezi kadhaa mizigo ya bara ikakosa njia. Desemba 2023, jirani zetu wa Hanang walizikwa na tope lililoporomoka mlimani. Mkulima anaumia kwanza, hilo twalijua. Lakini mwenye mashine ya kukamua alizeti anaumia pia, na fundi, na mama lishe, na mwenye lori. Hao ndio nataka kuwasemea leo, kwa sababu katika mikutano yetu hatuwasemei vya kutosha.

Je, fedha hakuna? Fedha ipo, ndugu zangu. Mwaka 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilitenga shilingi trilioni 1 ili mabenki yakopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Mwaka 2019 Benki ya CRDB ilipata kibali cha Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, ule mfuko wa dunia wenye makao yake Korea ya Kusini, na mwaka 2021 mfuko huo uliidhinisha dola milioni 100, benki ikaweka milioni 100 nyingine, ili wakulima na wafanyabiashara wa kilimo wapate vifaa vya kukabili ukame na mafuriko. Mwaka 2023 benki hiyo hiyo iliuza hati fungani ya kijani. Ilitafuta shilingi bilioni 40, na wananchi na makampuni wakaleta zaidi ya bilioni 171. Ipo Benki ya Maendeleo ya Kilimo, iliyozinduliwa mwaka 2015, yenye mfuko wa udhamini unaobeba sehemu ya hasara pale mkulima mdogo anaposhindwa kulipa. Na Aprili 2025 Benki ya Ushirika ilizinduliwa hapa hapa Dodoma, vyama vya ushirika vikiwa ndio wenye hisa nyingi.

Mtu akiyasikia hayo yote atasema shida imekwisha. Mimi nami nilisema hivyo, mpaka nilipokwenda Kibaigwa.

Kibaigwa mnaijua kwa soko lake la nafaka. Nilikwenda kwa kazi ya Chama, kuandikisha wanachama, nikalala kwa ndugu mmoja mwenye mashine ya kukamua alizeti. Jina lake nalihifadhi. Ana injini ya dizeli iliyochoka. Alitaka kuweka mota ya umeme, na mashine ya kubangua ili maganda yasiingie katika mafuta. Maganda hayo angeyageuza mkaa wa kupikia, mashudu angewauzia wafugaji wa kuku. Hakuna profesa aliyemfundisha hayo. Aliyawaza mwenyewe akiangalia lundo la maganda nyuma ya nyumba yake. Wakubwa wanapozungumza juu ya ubunifu, mimi sasa humkumbuka yeye.

Benki moja, ambayo sitaitaja, ilimpa mkopo. Naam, ilimpa! Aliweka hati ya nyumba ya mama yake. Riba ilikuwa ndiyo ile nafuu ya asilimia 10. Sasa mimi nilifunzwa ualimu, si uhasibu, lakini usiku ule tulikaa nje na kijiti tukaandika hesabu mchangani, na naomba nanyi mwandike.

Mkopo milioni 20. Riba asilimia 10 kwa mwaka, miaka miwili, kwa hesabu nyepesi ya shuleni ni milioni 4. Jumla milioni 24, miezi 24, basi kila mwezi milioni 1. Kama riba ingekuwa asilimia 20 angelipa milioni 1 na 166,000 na kitu. Kumbe kupunguza riba nusu nzima kumemwokoa shilingi laki moja na sitini na kitu kwa mwezi. Si haba, tunashukuru.

Lakini tazameni tarehe. Mkopo alipewa Januari. Rejesho la kwanza lilikuwa Februari. Alizeti ya Dodoma hupandwa mvua zinapokuwa zimetulia, huvunwa kuanzia Mei na Juni. Februari, Machi, Aprili, Mei: milioni nne zimelipwa kabla tone moja la mafuta halijatoka katika mashine mpya! Zilitoka wapi? Aliuza mbuzi. Kisha alikopa kwa wale wakopeshaji wa mitaani, mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Juni alizeti ilipofika sokoni, hakuwa na fedha ya kuinunua. Malori ya wenye mitaji kutoka mbali yakabeba mbegu, yeye akakamua za watu kwa ujira wa debe kwa debe. Mashine ikafanya kazi miezi minne, ikalala miezi minane. Milioni 12 za mwaka zikawa zinatafutwa katika miezi minne, yaani milioni 3 kila mwezi, mbali na umeme na mishahara ya vijana wawili.

Huyu si mvivu, wala si mjinga, wala benki haikumwibia. Kila karatasi ilikuwa sahihi. Lakini aliyeandika mkataba ule alikuwa na kalenda ya mtu wa mshahara, na alizeti inafuata kalenda ya mvua. Wale wa 1947 walileta trekta wasiulize udongo. Huku tumeleta mkopo hatukuuliza msimu.

Na itakuwaje mwaka ambao mvua haikunyesha? Hapo hakuna alizeti ya kukamua, yake wala ya watu. Rejesho liko pale pale. Fedha imetolewa kwa jina la kumsaidia mwananchi kukabili ukame, na ukame ukija ndio unaompokonya nyumba. Mwenye kunieleza mantiki ya jambo hili aniandikie kupitia kwa Mhariri.

Yafaa tukumbuke kwamba kumnyima Mwafrika mkopo kulikuwa sheria ya nchi. Mwaka 1923 Waingereza waliweka katika Tanganyika sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Mfanyabiashara asiye mwenyeji aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kumdai mahakamani bila idhini ya ofisa wa serikali. Walisema ni kutulinda tusidhulumiwe. Matokeo yake hakuna aliyethubutu kumkopesha Mwafrika, na biashara ikabaki mikononi mwa wengine. Sheria hiyo imekwisha zikwa zamani, lakini kivuli chake hukiona kila mtu anayeingia benki na daftari la mauzo, akaambiwa alete hati ya nyumba yenye plani. Kijijini nani ana hati hiyo? Mashine yenyewe ya milioni 20 imesimama pale, imefungwa kwa nati katika sakafu, nambari yake inasomeka, na bado haihesabiwi dhamana ya kutosha!

Hapa najua mwanachama mzee atanyanyua fimbo. Ataniuliza: kijana, husomi Azimio la Arusha? Mwaka 1967 Chama kilitukanya tusiifanye fedha kuwa ndiyo silaha ya maendeleo, hasa fedha ya wageni, na wewe unatuimbia dola za Korea? Mzee wangu, shikamoo. Onyo lile nalikubali, na Kongwa ndiyo ushahidi wake mkubwa kuliko wote. Ndiyo maana siombi fedha itangulie. Nasema fedha imekwisha kuja, iko mjini, ina masharti; basi ama masharti hayo tuyaseme sisi tunaoujua udongo, ama yasemwe na mtu mwingine kwa niaba yetu, kama 1946.

Tena nitakubaliana na mzee kwa jambo moja zaidi. Mengine yaliyotufaa sana katika nchi hii hayakuhitaji benki. Pale Kondoa, mmomonyoko ulikuwa umefanya makorongo ya kutisha. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika. Majani yalirudi, miti ikarudi. Lakini wafugaji waliambiwa waondoke, hawakuulizwa waondokeje, na uchungu huo wengine hawajausahau. Linganisheni na Kisiki Hai, kazi inayoenezwa na shirika la LEAD Foundation katika wilaya zetu za Mpwapwa, Kongwa na nyinginezo. Mkulima hachimbi shimo wala hanunui mche. Anatafuta kisiki kilicho hai shambani mwake, anachagua machipukizi machache yaliyonyooka, mengine anayapunguza, anafunga kitambaa ili kila mtu ajue mti huu una mwenyewe, basi. Mtambo wake ni kisu. Na Pembamoto, wilayani Kongwa, wanakijiji wamechimba makingamaji ya nusu mwezi kwa majembe yao, mvua ikinyesha maji yanakaa, nyasi zinaota pale ambapo palikuwa upara. Kongwa ile ile! Waliokuja na vifaru walishindwa, waliokuja na jembe wamefanikiwa, kwa kuwa walianza kwa kumsikiliza mwenye shamba.

Lakini kisu hakikamui alizeti. Kuna kazi za kisu na kuna kazi za mota, na mtu mwenye kazi ya mota asiambiwe ajitegemee kwa kisu.

Sasa niseme lile ambalo najua litanikosanisha na baadhi yetu. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa nchi nzima, ikarudishwa Julai 2024 kwa utaratibu mpya. Kwa nini ilisimamishwa? Kwa sababu ripoti za Mkaguzi Mkuu zilionyesha mabilioni hayajarudi, na vikundi vingine havikuwapo duniani ila katika karatasi. Tusimsingizie beberu hapo. Nimekaa katika vikao nikamsikia mtu akisema, tena kwa sauti, kwamba hiyo ni fedha yetu, tumeipigania, nani atatudai? Mtu huyo ana kadi kama yangu. Mkopo usiorudishwa na kikundi cha Chamwino ni mkopo ulionyimwa kikundi cha Bahi mwaka ujao. Haifai kulilia masharti ya mabenki huku fedha isiyo na riba tumeila kama pilau ya msiba.

Jambo la kuni na mkaa nitaligusa kidogo tu. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zimekwisha agizwa kuacha kuni na mkaa, na Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa Watanzania 80 katika kila 100 ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema. Misitu yetu ya miyombo imegeuka magunia kando ya barabara. Lakini jiko kubwa la shule ni chuma, na chuma huchomelewa na fundi. Je, majiko hayo yatatengenezwa na mafundi wetu waliolelewa na SIDO, shirika tulilolianzisha mwaka 1973 kwa kazi hiyo hasa, au yatakuja katika kontena? Kila tenda ya jiko inayokwenda nje ni kiwanda kidogo kimoja kisichozaliwa Dodoma. Fundi akipata tenda ya mwaka mmoja iliyotiwa saini, hiyo yenyewe ni dhamana bora kuliko nyumba ya mama yake.

Nataka nini basi? Nataka mkopo wa mashine ya mazao uanze kulipwa baada ya mavuno ya kwanza, na marejesho yawe makubwa Julai hadi Oktoba, na madogo au yasiwepo kabisa masika. Benki haipotezi kitu. Inangoja tu kama tunavyongoja sote. Nataka anayepewa mota apewe pia fedha ya kununulia mbegu, kwa sababu mashine isiyo na mbegu ni mapambo. Na kama fedha hiyo haitoshi, ushirika uikusanye alizeti katika ghala, wakulima wapewe stakabadhi, benki ikopeshe juu ya stakabadhi hizo, mkamuaji achukue mbegu kidogo kidogo mwaka mzima badala ya kushindana na malori kwa wiki sita. Utaratibu wa stakabadhi ghalani tunao katika sheria tangu mwaka 2005. Korosho za kusini zimeuzwa hivyo miaka mingi. Na nataka mkataba useme waziwazi kwamba mwaka ambao wilaya imekosa mvua, marejesho yasogezwe bila faini. Mfuko ulioundwa kwa ajili ya ukame usioujua ukame ni wa nini?

Mwenzangu mmoja katika kazi hii ananiambia mabenki hayatakubali, kwamba hesabu za hatari zinafanywa makao makuu na kompyuta. Huenda. Lakini Benki ya Ushirika ni ya vyama vya ushirika, na vyama vya ushirika ni vya nani? Wenye hisa nyingi ni sisi. Ikiwa katika mkutano wa chama cha msingi wanachama wanakwenda kusikiliza hotuba na kunywa soda tu, basi masharti yataandikwa na aliyebaki ofisini baada ya soda.

Yule ndugu wa Kibaigwa bado ana nyumba ya mama yake, nashukuru kusema hivyo. Mwezi wa saba alikaa na wakamuaji wengine wanane, wote wanachama wa soko moja, wakaweka madaftari yao pamoja mezani: nani alikamua magunia mangapi mwezi gani, nani alilala lini. Daftari moja benki ilisema halitoshi. Madaftari tisa yanaonyesha jinsi msimu wa Kongwa unavyokwenda mwaka baada ya mwaka, na hakuna ofisa wa mikopo mjini aliye na karatasi kama hiyo. Wameomba kusajiliwa kuwa ushirika, na barua yao iko kwa ofisa ushirika wa wilaya.

Katibu wa tawi lao ameniomba nirudi kuwasaidia kuandika ombi la masharti mapya. Nawaomba wakamuaji wa Mpwapwa, Chemba, Manyoni na Singida walete madaftari yao katika matawi yao vilevile, ya mauzo na ya madeni pia, yakiwa kamili na ya kweli, kabla mvua za Desemba hazijaanza, maana zikianza kila mtu atakuwa shambani.